Walimletea Radi Jeneza kwa Sababu ya Disko

Walileta jeneza mlangoni kwangu asubuhi kweupe, na marehemu mwenyewe alikuwa bafuni anapiga mswaki.

Sitanii, wajukuu zangu.

Jeneza la kweli, la mbao, limepakwa rangi nyeusi. Ubavuni wameandika kwa herufi nyeupe: RADI. HAPA IMELALA ROKI.

Vijana sita wamelibeba mabegani. Nyuma yao wenzao wameziba mtaa, wote na fulana nyeusi zenye picha ya mjukuu wangu, uso umekatwa kwa mstari mwekundu.

Aliyetangulia alikuwa na pete puani. Adabu anayo, hilo siwezi kumnyima.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mmefiwa na nani?"

"Na mjukuu wako."

"Mjukuu wangu yuko ndani anasukutua. Mnataka kumzika na povu mdomoni?"

Wawili wakacheka. Yule wa pete hakucheka.

"Huyo aliye ndani hatumjui. Radi wetu kafa. Mwambie Jumamosi akithubutu kupanda jukwaani na hilo disko lake, tutamshusha. Na hatashuka kwa miguu yake."

Wakaliweka jeneza chini taratibu, utadhani lina mtu. Wakaondoka bila kelele. Na hicho ndicho kilichonitisha. Mtu mwenye kelele unajua anataka nini. Mtu mwenye hasira akianza kutembea polepole, funga mlango.

Mimi nimezika mume, nimemzika na mama yake Radi, binti yangu wa pekee. Lakini asubuhi ile nilifunga mlango na komeo nikaweka.

Sasa najua mnajiuliza, bibi kizee na roki wapi na wapi? Tulieni.

Radi nimemlea mimi. Kakulia chini ya cherehani yangu, kichwa chake nakipapasa kwa mkono huu, nguo naisukuma kwa mkono huu. Namwita mume wangu, naye mpaka leo ananiuliza mahari yake nimekula na nani.

Sauti alizaliwa nayo. Akilia njaa, majirani watatu walikuwa wanakuja na maziwa.

Alipokua akaungana na rafiki yake wa utotoni, mpiga gita, wakaanzisha bendi ya roki. Huyo rafiki tunamwita Kucha, kwa sababu anapiga gita kwa ukucha wa kidole gumba na hakubali kuukata hata umshikie panga.

Muziki wao, mimi niliusikia kama sufuria zinazogombana kabatini. Lakini niliona vijana waliokuwa wanakuja kumsikiliza. Aliyefukuzwa kazi, aliyekataliwa na baba, aliyechekwa darasani. Radi akipiga ule ukelele wake, wanafumba macho, machozi yanawatoka. Alikuwa analia kwa niaba yao.

Basi ghafla bin vuu, mtu huyo huyo akatoa nyimbo za disko.

Disko! Dum dum dum dum, taa za kumetameta, njoo tucheze mpenzi.

Jamani.

Redioni mtangazaji aliupiga wimbo nusu akaukata, akasema samahani nilidhani ni tangazo la sabuni. Mitandaoni wakamwita msaliti, kauza roho, kapigwa upofu na pesa. Wengine walianza kuchoma fulana zake. Na sasa jeneza.

Kucha alifika mchana ule ule. Akaliona jeneza mlangoni, akalizunguka, akaingia bila kuvua kofia. Kucha akisahau kuvua kofia nyumbani kwangu, ujue mambo si mambo.

"Ndugu yangu," akamwambia Radi, "mimi na wewe tumekula sahani moja. Niambie. Nani anakusukuma?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini?"

"Nimeupenda tu."

"Umeupenda tu! Watu wamechora jina lako kwenye ngozi zao. Unataka wakajikwangue na jiwe?"

Radi kamkazia macho tu, kageuza kichwa kidogo, sikio la kulia mbele. Nilidhani ni kiburi. Kucha naye alidhani hivyo hivyo.

"Nitapanda Jumamosi kwa sababu nilitoa neno langu," Kucha akasema. "Lakini ukianza dum dum yako, nakunja mikono. Sigusi hata waya mmoja. Utaumbuka peke yako."

Akatoka. Mlango aliubamiza mpaka kalenda ikaanguka.

Haikuchukua muda meneja akapiga simu. Radi akanipa mimi niongee, eti ana mafua. Meneja hakuzunguka. "Bibi, mwambie kumbi zote zimenigomea. Umebaki huu mmoja. Akizomewa mpaka akashuka Jumamosi, hapandi tena popote. Si roki, si disko, si hata harusi."

Nikamfikishia. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Basi nishonee suruali, Bibi."

Moyo wa mtu msitu.

Alitaka bugaluu, zile suruali zilizojibana mapajani zikafunguka chini kama tarumbeta. Akasisitiza ziwe ndefu. Ndefu kupita kiasi. Ziburute chini, nyayo zisionekane kabisa.

"Utajikwaa, mume wangu."

"Sitajikwaa. Zifunike tu."

Nikasema ndiyo fasheni yao hiyo, nifanyeje. Lile jeneza nilikuwa nimeshaliingiza ndani nikajazia vitambaa. Mbao nzuri haitupwi.

Ijumaa nikamsimamisha juu ya stuli nipime pindo. Chumba changu cha kushonea kiko ghorofani, sakafu ni mbao tupu. Yeye kanipa mgongo, miguu peku, mimi nimepiga magoti nyuma yake na pini mdomoni. Nikaona chumba kimekuwa kizito. Nikatema pini nikasema nimchangamshe.

"Kitendawili!"

Kimya.

Sasa hapa nataka mnielewe. Nyumbani kwangu neno hilo ni kama hodi, haliachwi bila kuitikiwa. Mtoto yule nimempigia kitendawili akiwa na homa inamchoma, akaitikia. Nimempigia tukiwa tumenuniana, hatusemeshani siku ya pili, akaitikia kwa hasira, "Tega!" kisha akaendelea kununa. Tangu ajue kusema hajawahi kuliacha neno langu hewani.

Nikarudia kwa nguvu. "Kitendawili, wewe!"

Hata bega halikutikisika.

Mkasi ukaniponyoka, ule mkubwa wa chuma, ukaangukia mbao. Si kishindo cha kutisha, sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko hicho.

Lakini Radi aligeuka. Aligeuka mara moja, akautazama mkasi.

Akaniona nimemkodolea macho. Na mimi nikaona uso wake unaanguka kidogo kidogo, kama ukuta ulionyeshewa.

Akashuka kwenye stuli. Akakaa sakafuni, akaniwekea sikio la kulia karibu na mdomo.

"Uliniita?"

"Mara mbili."

"Basi umeshajua."

"Tangu lini, mwanangu?" Hata lile neno la utani, mume wangu, halikunijia.

"La kushoto lilikwenda mwaka juzi. La kulia linafuata. Mtu akiwa karibu namsikia. Akisogea, ni kama anasema nami niko chini ya maji. Daktari kasema ni zile spika. Miaka yote nimesimama mbele yake."

"Na hilo disko?"

Akatabasamu kidogo. Akanivua kandambili kwa mikono yake. Akachukua spika yake kubwa, akailaza kwenye mbao, akafungulia.

"Sikiliza kwa nyayo, Bibi."

Nikasikia. Dum, dum, dum, dum. Ilipanda kwenye visigino ikaja mpaka magotini, sawasawa, kama mtu anatwanga chini ya nyumba.

"Roki inakimbia," akasema. "Inakata kona, inasimama, inaruka. Gita ndilo linaloshika njia, na gita silisikii tena. Nimeshapotea jukwaani mara nyingi, nikawa napiga kelele ili watu wadhani nimefanya makusudi. Lakini hii haikimbii. Ngoma inapiga vile vile kutoka mwanzo mpaka mwisho. Noti ninazo kooni, hazijaniacha. Ninachohitaji ni mahali pa kusimama. Huu ndio muziki pekee uliobaki ninaoweza kusimama juu yake nikaimba."

Nikaitazama ile bugaluu. Kumbe atakuwa peku ndani yake.

"Sasa waambie watu! Waambie hao wa jeneza! Mwambie Kucha!"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Wakijua watanihurumia. Watapiga makofi kama unavyompigia mtoto makofi akimaliza uji. Bibi, mimi nikisimama pale nataka wanisikilize. Kuchukiwa naweza kukuimbia. Huruma siwezi." Akanishika mikono yote miwili. "Apa."

Nikaapa. Mungu ananiona, niliapa huku ulimi unakataa.

Jumamosi mchana tukaenda ukumbini. Ukumbi wa zamani wa michezo, sakafu yote mbao, jukwaa lenyewe fupi limeunganishwa na sakafu hiyo hiyo. Umejaa mpaka madirishani. Na wote nguo nyeusi. Yule wa pete puani kasimama mstari wa mbele katikati, mikono nyuma, kama sheha wa msiba.

Nyuma ya jukwaa Kucha akanivuta pembeni.

"Bibi, wewe anakusikia."

Nikauma mdomo.

"Mwambie aimbe wimbo mmoja wa zamani. Mmoja tu, watapoa. Nimetoka huko mbele, wana chupa. Si mchezo. Mimi namchukia kwa alichofanya, lakini sitaki apasuliwe kichwa."

Siri ilinikaa mdomoni kama kaa la moto. Kuitema ni usaliti, kuimeza inaunguza. Nikasema lile nililoweza kusema:

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, baba."

"Mafumbo saa hizi, Bibi!" Akanipa mgongo, akaenda kuvaa gita.

Radi akapanda.

Mzomeo ulioinuka pale sijapata kuusikia. Ulinipiga kifuani. Yeye akatembea ndani yake kana kwamba yuko sebuleni kwake, suruali inaburuta, akafika mbele, akaweka nyayo zake sawa. Watu wakazidi kuwaka. "Mwone! Hana hata aibu!"

Mpiga ngoma akaanza. Dum, dum, dum, dum.

Radi akaimba.

Kucha akakunja mikono, kama alivyoahidi.

Chupa ya kwanza ikapita. Ya pili ikagonga maiki. Radi akaona, akasogea nusu hatua, akaendelea. Ya tatu, wajukuu zangu, ilikuwa imejaa maji, na haikumpata Radi. Ilimpata mpiga ngoma kwenye paji la uso.

Yule kijana akatupa fimbo za ngoma, akashika kichwa, akakimbia. Kanipita pale pembeni bila hata kuniona.

Na Radi kawapa mgongo wapigaji wake. Hajui.

Nilichokiona mimi ni miguu. Ile suruali ikatikisika. Alikuwa anakanyaga hapa, anakanyaga pale, kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Neno likamkatikia katikati. Mdomo wazi, hakitoki kitu.

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko.

Meneja kando yangu akasema, "Kwisha kazi."

Nikavua kandambili. Sijui nilitaka kufanya nini. Labda nipande nikampigie miguu mimi mwenyewe, na magoti yangu haya ya kizee. Nilikuwa nimeshaweka unyayo mmoja kwenye ubao wa jukwaa, yule wa pete puani aliponyanyua mkono.

"Toka!" akapiga mguu chini.

Wenzake wakadaka. "Toka!" Mguu. "Toka!" Mguu. "Toka!"

Watu mia kadhaa na mabuti yao. Mbao zikaanza kuruka. Ilinipanda visiginoni, ikaja mpaka magotini. Sawasawa. Haikimbii, haikati kona.

Nikamwona Radi anatazama chini.

Kisha akainua kichwa. Akatabasamu kwa meno yote.

"Asanteni!" akapaza sauti.

Akaudaka wimbo pale pale ulipokatika, juu ya mguu wao.

Loo! Wakadhani anawakejeli, wakakanyaga kwa nguvu zaidi ili wamzamishe. Naye kadiri wanavyokanyaga, ndivyo anavyosimama imara. Walikuja kumfukuza, wakawa wanamshika mkono. Nikaona huko nyuma mabega yameanza kuyumba. Mdomo unasema toka, bega linacheza. Bega la mtu ni msaliti mkubwa.

Yule wa pete ndiye aliyeshtuka kwanza. Akaacha kukanyaga. Akawapungia wenzake mikono: acheni, acheni, tunampigia ngoma!

Mdundo wa miguu ukaanza kuvunjika. Hapa unapiga, pale umeacha. Sakafu inakufa tena, naiona inakufa, na Radi kainua mikono yote juu, anaelekea kwenye ile sehemu ya juu kabisa ya wimbo.

Alipoinua mikono, suruali nayo ikapanda.

Kucha akaziona nyayo.

Alizitazama. Akakitazama kiti kitupu cha mpiga ngoma. Akaitazama sakafu. Wale wamekula sahani moja tangu utoto, hakuhitaji kuambiwa. Niliona mikono yake inakunjuka yenyewe.

Hakukimbilia gita. Alikimbilia spika yake, lile dubwana la kimo cha mtoto. Akalikumbatia, akalilaza kifudifudi juu ya mbao, polepole, kama unavyomlaza mgonjwa. Ndipo akauchapa waya mnene kuliko wote kwa ule ukucha wake.

Dum.

Dum. Dum. Dum.

Akampeleka Radi mpaka mwisho wa wimbo bila kumwangusha.

Sitawadanganya kwamba watu wote walishangilia. Nusu walitoka wanatukana, wengine wametoka na fulana mkononi. Nusu walibaki, na waliobaki walipiga makofi kama watu walioshangazwa na mikono yao wenyewe. Lakini hakushushwa. Alishuka kwa miguu yake.

Nyuma ya jukwaa Kucha alikuja moja kwa moja, akamshika shingo, akaongea ndani ya sikio la kulia. Hakuuliza ni lipi.

"Mbwa wewe. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipigia polepole," Radi akamjibu. "Ungenionea huruma."

"Nisingekuonea huruma. Ningekupiga makofi."

Wakakumbatiana wakalia kama watoto, na mimi nikajifanya natafuta kandambili.

Kisha Radi akanigeukia, uso unang'aa jasho. "Bibi! Uliona walivyocheza? Ulisikia sakafu?"

Kucha akanitazama. Mimi nikamtazama Kucha.

Nani angekuwa na roho ya kumwambia? Kwamba lile lilikuwa neno la kumfukuza, kwamba mabuti yale yalikuwa ya chuki?

"Niliona, mume wangu," nikasema. "Walicheza sana."

Nikaibeba hiyo miezi na miezi. Yeye mwenyewe akaja kuwatangazia watu habari ya masikio yake, kwa wakati wake, kwa mdomo wake, alipokuwa tayari. Wengine wakamwomba radhi. Wengine bado wanasema disko ni takataka, naye anasema hiyo ni haki yao, maana hao ndio wanaomsikiliza. Lakini habari ya "toka" hatukuigusa, si mimi, si Kucha.

Juzi nilipomaliza kuandika kisa hiki nikampa simu asome kabla sijakiweka hapa. Akasoma kimya. Alipofika pale kwenye mabuti nikaacha kushona. Nikasema sasa ndiyo anajua. Nimemvunja.

Akacheka mpaka akakohoa.

"Bibi, hapa umekosea."

"Wapi?"

"Hapa unaposema sikujua. Masikio ndiyo yaliyokufa, macho je? Neno moja kwenye midomo mia kadhaa, tena wamekunja ndita? Toka, toka, toka. Nililisoma kabla hawajafika la tatu."

"Na ile asante?"

"Nilikuwa nimepotea, Bibi. Kweli nimepotea, natafuta pa kukanyaga sipaoni. Wakanipa sakafu. Mtu akikupa sakafu humuulizi kaitoa kwa moyo gani. Unasimama, unamshukuru, unaimba."

"Na mbona ukaniuliza kama walicheza?"

"Nilikuona umekaa peku, umenyauka kwa hofu. Nikataka ulale usingizi siku ile."

Kumbe miezi yote hiyo nilidhani namfunika yeye blanketi, kumbe ndiye aliyenifunika mimi.

Basi niwaachie hili, nyinyi mnaopenda kuzomea watu humu mtandaoni. Mtu akibadilisha njia mliyozoea kumwona akipita, msikimbilie kusema kapotea au kanunuliwa. Huenda ile ya zamani imeshabomoka chini ya miguu yake na hataki mmuone anavyoyumba. Na wewe unayezomewa, usikae kusubiri wakupende ndipo uanze. Kanyaga hapo hapo wanapopigia miguu, umalize wimbo wako.